Nambari Iliyo Mgongoni mwa Beji

Beji ya kukusanya ni kitu kidogo sana: kipande cha chuma kinachoenea katikati ya kiganja, chenye picha ya rangi upande wa mbele na pini moja au mbili upande wa nyuma. Upande wa mbele ndio unaoonekana kwa watu, lakini sisi tunaozikusanya huanza kwa kuigeuza beji na kutazama mgongo wake, kwa sababu huko ndiko kulikoandikwa jina la mtengenezaji, mwaka, na mara nyingi maelezo mafupi kwamba zimetengenezwa beji 100, au 300, au 500, na kwamba hazitatengenezwa nyingine. Kwa miaka mingi mstari huo mmoja wa maandishi uliwafanya watu waamke usiku wa manane kusubiri ukurasa wa duka ufunguliwe mtandaoni, na uliwafanya walipe mara kumi ya bei ya awali ili kupata walichokikosa. Siku hizi matoleo ya aina hiyo hukaa dukani wiki nzima bila kumalizika. Maelezo ninayoyasikia mara kwa mara, kwamba watu wamechoka tu na kuhamia kitu kingine, hayanitoshelezi, kwa sababu wakusanyaji ninaowafahamu bado wanazipenda beji zao na bado wanazibandika. Nionavyo, nambari ile ilikuwa ahadi kati ya mtengenezaji na mnunuzi, na imani katika ahadi hiyo ndiyo iliyopungua.

Kabla ya kuuzwa mtandaoni, beji zilikuwa kitu cha kubadilishana ana kwa ana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896, wanamichezo, waamuzi na maofisa walivaa beji za karatasi ngumu ili watambulike, na kutokana na utaratibu huo wa kawaida ukazaliwa, michezo baada ya michezo, mtindo wa watu wa mataifa mbalimbali kupeana beji zao kama alama ya kufahamiana. Watazamaji wa kawaida waliuingia mtindo huo kwa wingi katika Michezo ya Majira ya Baridi ya Lake Placid mwaka 1980, na ilipofika zamu ya Calgary mwaka 1988 kampuni ya Coca-Cola ilifungua kituo maalumu cha kubadilishana beji, jambo linaloonyesha jinsi umati wa wapenzi wake ulivyokuwa umekua. Uadimu wa beji za wakati huo haukupangwa mezani na idara ya masoko. Beji ya ujumbe wa nchi ndogo ilikuwa adimu kwa sababu ujumbe wenyewe ulikuwa na watu wachache, na ili uipate ilibidi uwepo pale, uzungumze na mwenye nayo, naye aridhie kuachana nayo.

Disney ndiyo iliyougeuza mtindo huo kuwa mfumo kamili. Mwezi Oktoba 1999, wakati wa shamrashamra za kuikaribisha milenia mpya, bustani za burudani za Walt Disney World huko Florida zilianzisha rasmi ubadilishanaji wa beji kati ya wageni na wafanyakazi. Mfanyakazi alivaa beji kadhaa kwenye utepe wa shingoni, na mgeni aliyekuwa na beji halisi ya Disney aliruhusiwa kumwendea na kuchagua aliyoitaka, ilimradi asizidishe beji mbili kwa mfanyakazi mmoja kwa siku. Ninaipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu haikuuliza beji ina thamani gani sokoni. Mtoto aliyekuja na beji ya kawaida kabisa aliweza kuondoka na ile ambayo mtu mzima aliyesimama nyuma yake alikuwa akiitafuta mwaka mzima. Pamoja na beji za kawaida, zilizotengenezwa tena na tena kadiri zilivyouzika, kampuni ilitoa pia beji za idadi maalumu, na hizo ndizo zilizozaa foleni.

Katika mikusanyiko mikubwa ya wapenzi wa beji, waliozitaka walizidi mno idadi iliyokuwepo, na Disney ikaamua kutumia bahati nasibu. Mkusanyaji alijaza fomu na kuorodhesha beji alizozitaka kwa mfuatano wa upendeleo wake, fomu zote zikachanganywa na kuchaguliwa bila mpangilio, na kila mmoja akaarifiwa ni zipi alizobahatika kuzinunua. Watu walinung'unika, na wengine walirudi mikono mitupu. Hata hivyo, aliyekosa alijua amekosa kwa bahati tu, si kwa sababu jirani yake ana vidole vyepesi, kompyuta ya kasi zaidi, au programu inayobonyeza kwa niaba yake. Katika yote yaliyofuata, sijaona njia ya kugawa kitu kichache iliyokuwa na haki kuliko hiyo, na ninasikitika kwamba mauzo ya mtandaoni yaliporithi beji za idadi maalumu hayakuirithi bahati nasibu yake.

Sitaki nieleweke kwamba naiona intaneti kama adui wa jambo hili. Soko la mnada la eBay, lililoanzishwa mwaka 1995, lilimfungulia mlango mtu ambaye asingeweza kamwe kusafiri hadi Florida wala kuhudhuria Olimpiki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Disney yenyewe ilikuwa ikipiga mnada beji huko, nyingine zikiwa za toleo la 100 tu, na wakusanyaji wakaanzisha katalogi za mtandaoni, maarufu zaidi ikiwa PinPics, ambamo kila beji ilipewa namba yake, picha yake na idadi ya toleo lake, na kila mwanachama aliweza kuonyesha anazo zipi, anatafuta zipi, na yuko tayari kuachia zipi. Mtu alimwandikia mwenzake wa nchi nyingine ambaye hajawahi kumwona, wakakubaliana, na kila mmoja akatia beji yake kwenye bahasha siku hiyohiyo kwa kuaminiana tu. Kwangu miaka ile ndiyo kilele cha jambo hili, ingawa fedha nyingi zilikuja baadaye.

Fedha zilikuja kupitia wasanii wa kujitegemea. Kiwanda cha beji hakihitaji oda kubwa: vingi, hasa vile vya kusini mwa China, hupokea oda ya beji 100, na vingine hata 50. Msanii hutuma mchoro wake, kiwanda huchonga kalibu ya chuma kigumu, kisha mashine hugonga umbo kwenye bamba la chuma au huliyeyusha na kulimimina iwapo ni aloi ya zinki. Vipande hukatwa, huchovywa ili vipate rangi ya dhahabu, nikeli au nyeusi (kwa enameli ngumu hatua hii huja mwishoni), halafu mfanyakazi huketi na bomba la sindano akijaza enameli kwenye kila kishimo, rangi moja baada ya nyingine, na kila rangi hupitishwa tanurini ili ikauke. Ikiwa ni enameli laini, rangi hubaki chini ya kingo za chuma na kidole husikia matuta. Ikiwa ni enameli ngumu, uso wote husuguliwa mpaka rangi na chuma vinakuwa sawa. Gharama kubwa ya mwanzo ni ya kuchonga kalibu, na hulipwa mara moja tu, iwe umeagiza beji 50 au 5,000.

Kwa hiyo msanii aliyetangaza toleo la beji 100 alikuwa, mara nyingi, akisema ukweli wa mfuko wake. Alikuwa na fedha za kalibu moja na oda moja, hakuwa na ghala, na alifunga bahasha mwenyewe mezani kwake. Etsy, iliyoanza mwaka 2005, ilimpa duka. Instagram, iliyoanza mwaka 2010, ilimpa mahali pa kuonyesha picha. Na Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, ilimpa njia ya kukusanya fedha kabla ya kuagiza. Mwezi Januari 2017 Kickstarter ilianzisha hata mwito maalumu uitwao Make 100, ukiwahimiza wabunifu watengeneze kitu kwa toleo la vipande 100, na wasanii wa beji waliuitikia kwa wingi. Idadi ndogo, ambayo hapo mwanzo ilikuwa matokeo ya uhaba wa mtaji, ikaanza kuwa sifa ya bidhaa.

Ninayo beji moja ya wakati huo ambayo huwa naitoa ninapotaka kumweleza mtu kwa nini mambo haya yana maana. Ni nondo aliyekunjua mabawa, ya enameli ngumu, na msanii ametumia rangi nne tu za kahawia zinazofifia kutoka kiwiliwili hadi ncha za mabawa, zikitenganishwa na kingo za dhahabu nyembamba kiasi kwamba ukizitazama kwa mbali huzioni. Kwenye bawa la kushoto kuna kitone ambacho rangi haikujaa vizuri. Mgongoni kuna pini mbili, ili beji isizunguke ikibandikwa, na chini yake kumechongwa kwa leza nambari 37 kati ya 50. Msanii alipoituma aliweka kadi ndogo akieleza kwamba kiwanda kilimletea beji chache za ziada, kama ilivyo kawaida ya viwanda kufidia zenye kasoro, kwamba za ziada hazikupewa nambari, na kwamba alizigawa kwa rafiki zake bila kuziuza. Hakuna aliyemlazimisha kueleza hayo, naye aliyaeleza kwa sababu alijua mnunuzi angetaka kujua.

Kisha ikaja enzi ya dakika moja. Tangazo lilitolewa siku chache kabla, likitaja siku na saa, na saa ilipofika mamia ya watu walikuwa wakiufungua upya ukurasa uleule kwa pamoja. Ukurasa ulikwama, ukarudi, ukaonyesha beji; wewe ukabonyeza kuiweka kikapuni, ukajaza anwani, na ulipofika kwenye malipo ukaambiwa imekwisha. Wengi hawakujua kwamba kwenye mifumo mingi ya maduka ya mtandaoni, ikiwemo Shopify, kuiweka bidhaa kikapuni hakuihifadhi kwa ajili yako, na kwamba ni ya yule anayekamilisha malipo kwanza. Kampuni ya Mondo ya Austin, iliyojipatia jina kwa mabango yake ya filamu na ambayo pia iliuza beji, ilizoea kutangaza mauzo kupitia Twitter kwa saa isiyotajwa mapema, hivyo mpenzi wa bidhaa zake alilazimika kuichungulia simu siku nzima. Mtindo huo ulinakiliwa na wengi. Wenye maduka walifurahi kuandika kwamba toleo limekwisha kwa sekunde kadhaa, na nadhani hapo ndipo walipoanza kujidanganya, kwa sababu mauzo yanayokwisha kwa sekunde hayakuambii ni watu wangapi wanaipenda kazi yako. Yanakuambia tu ni wangapi waliokuwa na kasi.

Waliokuwa na kasi zaidi hawakuwa wakusanyaji. Walikuwa walanguzi, baadhi yao wakitumia programu zilizokamilisha ununuzi kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake. Nchini Marekani ilipitishwa sheria mwaka 2016 dhidi ya programu za namna hiyo, lakini sheria hiyo inahusu tiketi za maonyesho na michezo pekee, na haikugusa beji wala viatu wala vinyago. Ilikuwa kawaida kuikuta beji imeshatangazwa kwenye mnada kwa bei ya juu mno wakati msanii bado hajaanza kufunga bahasha. Mkusanyaji aliyeikosa alikuwa na mawili ya kuchagua, ama kumlipa mlanguzi ama kuiacha, na aliyeilipa mara moja alijikuta akianza kununua beji asizozipenda sana ili awe na kitu cha kubadilishana kwa zile anazozipenda. Niliwaona watu wa namna hiyo wengi, wapole na wakarimu, wakigeuka taratibu kuwa wenye akiba ya bidhaa. Huo ni uchovu wa aina yake, na haumwishi mtu kwa kupumzika wiki mbili.

Jambo jingine lilitokea kimyakimya mwaka 2016, pale Instagram ilipoacha kupanga picha kwa mfuatano wa wakati zilipowekwa na kuanza kuzipanga kwa hesabu zake yenyewe. Kwa mtu anayetazama picha za marafiki zake hilo halikuwa kubwa. Kwa msanii anayetangaza mauzo ya saa mbili usiku lilikuwa pigo, kwa sababu wafuasi wake waliliona tangazo kesho yake, au siku tatu baadaye, beji zikiwa zimekwisha kitambo. Wasanii walijibu kwa kutangaza mara nyingi zaidi, na baadaye Instagram ilipoanza kuzipendelea video fupi ikawabidi wawe pia watengenezaji wa video. Muda wa kuchora ukapungua, ilhali ratiba ya kutoa beji mpya haikupungua, kwa maana aliyekaa mwezi mzima bila kutoa kitu alisahaulika.

Ndipo ahadi ya nambari ilipoanza kulegea, na sehemu hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kwa kuwa gharama kubwa ya mwanzo ni ya kalibu, njia nyepesi ya kupata bidhaa mpya ni kuitumia kalibu ileile na kubadilisha rangi. Beji ya toleo la 50 ikauzwa kwa dhahabu, na mwezi uliofuata ikatoka yenye chuma cheusi, nayo ni toleo la 50. Ikafuata yenye vumbi la kumetameta, kisha yenye kung'aa gizani, kisha ya rangi za sikukuu, kisha moja kwa ajili ya wanachama wanaolipia kila mwezi, na kila moja ikiwa na nambari yake kati ya 50. Hakuna uongo ulioandikwa mgongoni mwa yoyote kati ya hizo. Lakini mtu aliyenunua ile ya kwanza akiamini kwamba mchoro huo uko kifuani mwa watu 50 tu duniani, baada ya mwaka aligundua kwamba wako 300, na hakuwa ameambiwa. Makampuni makubwa yalifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, yakitoa mfululizo juu ya mfululizo wa mhusika yuleyule, mpaka ikawa kwamba maneno ya toleo la idadi maalumu yameandikwa karibu kila beji iliyoko sokoni. Pale ambapo kila kitu kinatajwa kuwa adimu, mnunuzi hana tena namna ya kujua kipi cha kukikimbilia, na huacha kukimbia.

Wengine walitetea mtindo huo wakisema kwamba rangi tofauti ni beji tofauti, na kwamba msanii naye ana haki ya kula kutokana na kalibu aliyoilipia. Hoja hiyo nina heshima nayo, na sina ugomvi hata kidogo na msanii kutengeneza beji 300 za mchoro wake mzuri, au 3,000. Ninachodai ni kwamba aseme. Ukiniambia mapema kwamba kalibu hii itatoa rangi sita, nitachagua ile ninayoipenda na nitaridhika nayo, na huenda nikanunua mbili.

Beji bandia nazo zilifanya kazi yake ya kuharibu. Kwa upande wa Disney, tatizo lilianza na beji zilizotoroka kiwandani, ama kwa kuwa zilikuwa na kasoro na zilipaswa kuharibiwa, ama kwa kuwa ziliongezwa nje ya oda kwa kutumia kalibu halisi, na baadaye zikaja zilizonakiliwa moja kwa moja. Ziliuzwa mtandaoni kwa mafungu ya makumi na mamia, kwa bei ambayo isingewezekana kwa beji halali, na watu waliozinunua walizipeleka kwenye bustani na kuzibadilisha kwa beji halisi kutoka kwenye tepe za wafanyakazi, hadi tepe zenyewe zikajaa bandia. Wakusanyaji walijifunza kuzikagua: rangi iliyozama au iliyovuka kingo, uzito hafifu, vijipembe vyenye ncha, na mgongoni ile nakshi ndogo ndogo ya kichwa cha Mickey ambayo kwenye beji halisi kwa kawaida huenea hadi ukingoni kabisa, ilhali kwenye nyingi za bandia huishia kabla na kuacha mpaka mtupu kuzunguka. Utaalamu huo ni mzuri kuwa nao, lakini ubadilishanaji unaoanza kwa kila mmoja kuchunguza beji ya mwenzake kwa kioo cha kukuzia hauwezi kuwa na furaha ileile. Wasanii wa kujitegemea waliibiwa hata zaidi, kwa maana michoro yao ilitolewa kwenye picha za matangazo na kunakiliwa, ikauzwa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni kwa sehemu ndogo ya bei, na kuiondoa kulihitaji barua, ushahidi na subira, na ikiondolewa leo hurudi kesho chini ya jina jingine la duka.

Mwaka 2020 ulificha mambo haya yote kwa muda. Mwanzoni mwa mwaka viwanda vya China vilichelewa kufunguliwa baada ya mapumziko ya mwaka mpya wao, na mwezi Machi bustani za Disney za Marekani zilifungwa. Mikutano ya wapenzi wa katuni na michezo ya kompyuta, ambako beji nyingi ziliuzwa na kubadilishwa, ilifutwa. Watu walibaki majumbani na simu zao, na karibu ununuzi wote wa beji ukahamia mtandaoni, ambako foleni za kidijitali ziliwapanga maelfu ya watu kwa saa kadhaa kwa ajili ya vitu vilivyokwisha kabla nusu yao hawajaingia. Kutazama mauzo ya kipindi hicho ungedhani beji hazijawahi kustawi namna hiyo. Lakini wengi wa walioingia wakati huo walikuja kwa sababu kila kitu cha kukusanya kilikuwa kikipanda bei, na bei zilipoacha kupanda waliondoka, wakiwaachia wasanii oda kubwa walizokuwa wamezilipia kiwandani kwa kutarajia umati uleule.

Kuhusu posta na forodha sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba ziliuma taratibu na mahali pengi. Tangu mwezi Januari 2018 posta ya Marekani haikuruhusu tena bidhaa kusafirishwa nje kama barua, kwa hiyo beji yenye uzito wa gramu chache ikalazimika kwenda kama kifurushi, na nauli yake mara nyingi ikawa kubwa kuliko bei ya beji yenyewe. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021, na kanuni zake mpya za usalama wa bidhaa, zilizoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024, zinamtaka muuzaji wa nje awe na mwakilishi ndani ya Umoja huo. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ndogo kutoka China tarehe 2 Mei 2025 na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Etsy nayo ilipandisha makato yake kutoka asilimia 3.5 hadi 5 mwaka 2018, kisha hadi 6.5 mwaka 2022. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia hayo. Msanii mwenye beji 100 na meza moja hawezi, na wengi waliyafunga maduka yao kwa watu wa nchi nyingine, wakikata uzi uleule ambao ndio ulioifanya intaneti iwe na maana kwetu hapo mwanzo.

Sizitaji kwa urefu beji za mafumbo, zile unazozinunua zikiwa ndani ya mfuko usioonyesha kilichomo, kwa sababu sidhani zinastahili. Kumuuzia mtu mara tano kitu alichokitaka mara moja si kukusanya.

Kilichobaki ni kidogo na, kwa maoni yangu, kina afya kuliko kilichoondoka. Baadhi ya wasanii wameacha kabisa mauzo ya dakika moja na wanafungua dirisha la oda kwa siku mbili au tatu: kila anayeitaka beji anaagiza, dirisha linafungwa, oda zinahesabiwa, na idadi hiyo ndiyo inayokuwa ukubwa wa toleo. Programu ya mlanguzi haina kazi hapo, kwa kuwa hakuna wa kukimbizana naye. Wengine wamerudi kwenye bahati nasibu, wakifanya kwa fomu ya mtandaoni kile ambacho Disney ilikifanya kwa karatasi. Msanii mmoja ninayemfuatilia huandika kwenye ukurasa wa kila beji jumla ya beji zote zitakazotoka kwenye kalibu ile, rangi zote zikiwemo, pamoja na zile za ziada na alichokusudia kuzifanyia, na oda zikifungwa hurudi kuijaza idadi kamili ambayo baadaye itachongwa mgongoni. Hapati fedha alizozipata miaka ile, na amelisema hilo waziwazi kwa wateja wake. Toleo lake la karibuni halikufika beji 100, na zote zilikuwa na wenyewe kabla kalibu haijachongwa. Moja kati yake ni yangu, na ametuomba tumpe miezi miwili.